Kuzoa theluji Mammoth Lakes: dhana potofu na ukweli wake

Picha za miji ya kuteleza kwenye theluji huonyesha mlima mweupe na watalii wenye furaha. Anayeshika beleshi tangu saa kumi alfajiri haonekani, na ni huyo ninayemwandikia. Wapo ndugu zetu Marekani na Kanada wanaopewa kibarua hiki hawajawahi hata kuigusa theluji, na baadhi ya mambo wanayoamini yanaweza kuwaumiza. Mfano wangu ni Mammoth Lakes, mji mdogo wa milima ya Sierra Nevada, California. Msimu wa 2022–2023, kituo cha Main Lodge mlimani hapo kilipata jumla ya zaidi ya mita 18 za theluji.

Dhana: Theluji ni nyepesi kama pamba.

Uzito wake unategemea maji yaliyomo. Theluji kavu iliyoanguka muda si mrefu huwa na kilo 50 hadi 100 kwa kila mita ya ujazo. Iliyoloa hufika kilo 200 na kuzidi, na Sierra Nevada huipata sana kwa kuwa dhoruba zake hutoka Bahari ya Pasifiki zikiwa zimebeba maji mengi.

Tupige hesabu. Njia ya gari yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 10, ikifunikwa na sentimita 30 za theluji, ina mita za ujazo 18 za kuondoa. Ikiwa kavu, ni kati ya kilo 900 na 1,800. Ikiwa imeloa, ni zaidi ya tani tatu na nusu. Mzigo wote huo unapita mikononi, na kadiri msimu unavyosonga lazima uurushe juu, kwa sababu kingo za njia zimeshapita kimo cha mtu. Isitoshe, mji uko kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, sawa na Iten kule Kenya. Kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu robo ikilinganishwa na pwani, kwa hiyo mgeni huhema mapema.

Dhana: Ni mazoezi tu, mtu mzima wa afya hawezi kudhurika.

Hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Baridi hubana mishipa ya damu na shinikizo hupanda. Papo hapo mikono inafanya kazi nzito, na wengi hubana pumzi kila wanapoinua. Moyo unadaiwa damu nyingi wakati mishipa yake yenyewe imesinyaa. Utafiti wa Marekani uliohusu miaka ya 1990 hadi 2006 ulikadiria kuwa watu wapatao 11,500 kila mwaka walitibiwa katika vitengo vya dharura kwa sababu ya kuzoa theluji. Wengi waliumia mgongo na misuli, au waliteleza wakaanguka. Vifo vya kipindi hicho chote vilikadiriwa kuwa 1,647, na vyote vilitokana na moyo. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo asione haya kumwachia mwingine beleshi.

Kwa anayeifanya kazi hii: sukuma panaposukumika, jaza beleshi nusu, geuza miguu badala ya kupinda kiuno, na upumzike kabla hujachoka. Kifua kikibana, acha hapo hapo na upige 911, namba ya dharura ya huko. Konyagi ya kupasha mwili moto haisaidii, maana pombe hutanua mishipa ya ngozi na joto la mwili likazidi kupotea.

Dhana: Ngoja iache kuanguka, uzoe mara moja.

Dhoruba ya Sierra inaweza kukaa siku mbili au tatu, na theluji ya chini inazidi kujishindilia. Afadhali kuzoa kwa awamu.

Halafu kuna tuta. Umemaliza njia yako, imekaa safi, mara greda la barabarani linapita na kukuachia ukuta wa theluji pale njia inapokutana na barabara. Hiyo si ile laini uliyozoa mwanzo. Imesagwa na kukandamizwa, punje zake zinashikana, na ukiiacha saa chache beleshi linagonga na kurudi. Miji mingi ya theluji humwachia mwenye nyumba tuta hilo, na humkataza kulirudisha barabarani.

Dhana: Mashine ya kurushia theluji inamaliza kila kitu.

Haipandi ngazi wala haifiki pembeni mwa mita ya gesi. Ikiziba, usiingize mkono hata kama imezimwa, kwani visu vinaweza kuzunguka ghafla kwa nguvu iliyobaki ndani. Tumia kijiti.

Dhana: Kazi kubwa ni kulitoa gari.

Bomba la kutolea moshi wa hita likizibwa na theluji, kaboni monoksidi hurudi ndani, nayo haina harufu wala rangi. Theluji inayoporomoka kutoka kwenye paa inaweza kumfukia mtu, au kuvunja bomba la gesi. Propani, gesi inayotumiwa majumbani, ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia chini ikisubiri cheche. Wenye uzoefu huanza na matundu ya moshi, kisha gesi, kisha mlango wa pili wa kutokea. Gari hufuata baadaye.