Turubai limekunjwa, majonzi yamebaki: maswali na majibu kuhusu kufiwa

Misiba ya kwetu ina watu. Habari ikitoka, majirani wanafika na mikeka, vijana wanafunga turubai, akina mama wanawasha moto, na mfiwa haachwi peke yake hata usiku. Huu ni utaratibu mzuri kiafya, na hakuna sababu ya kuubadili. Kasoro yake ni kwamba unaisha mapema. Siku ya tatu tanga linaanuliwa, masufuria yanarudishwa kwa wenyewe, na mfiwa anabaki na nyumba kimya wakati majonzi ndiyo kwanza yanaanza. Majibu haya yanawahusu wafiwa na wanaowasaidia, hasa kwa kipindi hicho cha baadaye.

Siku za msiba nilikuwa imara, nikapokea wageni na kusimamia kila kitu. Wiki tatu baadaye nimelegea kabisa. Nina tatizo?

Huna. Siku za mwanzo mwili huendeshwa na homoni za dharura, na akili inakuwa haijaupokea ukweli wote. Isitoshe kuna maamuzi ya haraka: sanda au jeneza, gari la kusafirisha mwili, nani apigiwe simu. Shughuli hizo hukushikilia. Zikiisha, ndipo unapogundua kuwa hakuna wa kumwekea chakula saa mbili usiku. Wengi huumia zaidi kati ya wiki ya pili na miezi kadhaa baadaye, kisha maumivu huamka tena siku ya arobaini, sikukuu ya kwanza bila marehemu, na tarehe ya kifo mwaka unaofuata. Ukiyajua majira haya unaweza kujipanga: usipange safari ngumu wala mtihani siku hizo, na omba mtu awe nawe.

Nimesikia majonzi yana hatua tano. Nilidhani nimeshakubali, sasa nimerudi kwenye hasira.

Hatua hizo, yaani kukataa kuamini, hasira, kuomba mapatano, huzuni na kukubali, zilielezwa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa. Baadaye zikahamishiwa kwa wafiwa, na watu wengi wakaanza kujipima kwazo kama mtihani. Majonzi hayapandi ngazi. Huja kama mawimbi, mengine makubwa, mengine madogo, na hayatoi taarifa.

Maelezo yanayosaidia zaidi yalitolewa mwaka 1999 na watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut. Walionyesha kuwa mfiwa huenda na kurudi kati ya kazi mbili: kumlilia aliyeondoka, na kushughulikia maisha yaliyobaki, yaani ada za shule, shamba, duka, kujifunza kufanya alichokuwa akifanya marehemu. Zote mbili zinahitajika. Kwa hiyo ukicheka harusini mwezi wa pili, hujamsaliti marehemu. Na ukilia ghafla sokoni mwezi wa nane, hujarudi nyuma.

Kifua kinabana, chakula hakipiti, usingizi umekata. Ni majonzi au ugonjwa?

Mara nyingi ni majonzi, lakini msibishane na kifua. Hatari ya mshtuko wa moyo hupanda katika siku za kwanza baada ya kufiwa, hasa saa 24 za mwanzo kwa mtu mwenye presha au ugonjwa wa moyo. Maumivu ya kubana yasiyoisha baada ya dakika chache, yanayoelekea mkononi au kwenye taya, yenye jasho jingi au kukosa pumzi, ni ya kupelekwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama mwili wa marehemu haujazikwa.

Kinachowaangusha wafiwa wengi msibani ni dawa zilizosahauliwa. Mwenye presha anaruka vidonge siku nne. Mwenye kisukari anachoma insulini au anameza vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi kama kawaida lakini hali chakula, na sukari inashuka: anatetemeka, anatoka jasho, anaanza kuzungumza mambo yasiyoeleweka, na watu wanadhani ni uchungu wa msiba. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, rudia ikiwa hajapata nafuu, kisha ale. Akipoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI naye hukwama kwa sababu nyumba imejaa wageni na hataki waone kopo. Dozi za siku chache zihamishiwe kwenye kichupa kidogo kikavu kisicho na maandishi, na simu iwekwe mlio wa saa ya kumeza. Kazi hii apewe mtu mmoja anayejua siri hiyo.

Chakula: usimlazimishe sahani ya pilau. Uji, supu, ndizi mbivu au chai ya maziwa, kidogo kidogo kila saa mbili au tatu, vinatosha siku za mwanzo. Usingizi: aamke saa ileile kila siku, mchana asilale zaidi ya nusu saa, na aache kahawa na chai ya rangi kuanzia saa nane mchana.

Jirani amempa mama Valium ili alale. Ni sawa?

Si sawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unaelekeza kwamba dawa za kundi la Valium, yaani za kutuliza na kuleta usingizi, zisitolewe kwa mtu kwa sababu tu amefiwa. Hazipunguzi majonzi, mwili huzizoea ndani ya wiki chache, na kwa wazee huleta kizunguzungu na kuanguka. Mwenye kuzimeza mazishini anaweza hata asikumbuke kuwa alimzika mwenzake, na hilo humuumiza baadaye. Pombe inafanya madhara hayohayo, na ndiyo njia wanaume wengi huikimbilia baada ya kuambiwa wajikaze. Mwanaume anayelia hana upungufu wowote. Anayekunywa kila jioni tangu mazishi ndiye wa kufuatiliwa.

Usiku namsikia marehemu mume wangu akiniita. Nimeanza kuchanganyikiwa?

Hapana. Kusikia sauti, kunusa harufu yake, au kumwona kwa mbali stendi kisha ukagundua si yeye, ni mambo ya kawaida sana kwa wafiwa, na wengi huyaficha kwa aibu. Yanahitaji mtaalamu pale tu sauti inapokuamrisha ujidhuru au umdhuru mtu, au unapoanza kuwaogopa watu wote bila sababu.

Nikienda kuhani, niseme nini?

Sema kidogo. "Pole sana, mama. Nimesikitika mno," au "Innalillahi" kwa Mwislamu, kisha kaa. Taja jina la marehemu na jambo jema moja unalolikumbuka. Wafiwa hulishika neno hilo miaka mingi.

Yapo maneno yenye nia njema yanayoumiza. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni imani ya kweli kwa wengi, lakini mfiwa akiisema mwenyewe inamfariji. Akiambiwa na mgeni katikati ya kilio anasikia kwamba amekatazwa kulia. "Usilie, utawaliza watoto" humfanya aanze kujificha. "Alikuwaje? Alianza lini? Mlichelewa kumpeleka hospitali?" ni mabaya kuliko yote, kwa sababu mfiwa tayari anajishtaki usiku kucha, nawe umemletea shahidi. Na badala ya "ukihitaji kitu niambie", ambalo halimsaidii kwa kuwa hana nguvu ya kufikiri anachohitaji, sema jambo lenye siku: "Jumanne nitakuja kuwachukua watoto shule."

Tufanye nini baada ya tanga kuanuliwa?

Kabla hamjatawanyika, watu watano au sita wakae kando dakika kumi wapange zamu, na mmoja aandike. Mwezi wa kwanza, mtu afike kila baada ya siku mbili. Mwezi wa pili na wa tatu, mara moja kwa wiki. Kuanzia hapo hadi mwaka utimie, angalau mara moja kwa mwezi, na kila tarehe nzito tuliyoitaja. Ziara ya nusu saa yenye kazi, kama kuchota maji, kufua au kwenda naye benki, humsaidia kuliko saa tatu za kukaa mkichati. Sehemu ya rambirambi au ubani iwekwe kwa ajili ya mwezi wa pili; mara nyingi fedha yote huishia kwenye chakula cha wageni, na mfiwa anaanza na madeni.

Jambo moja hatutaki lipite: msimharakishe kusaini karatasi. Vikao vya ukoo hugawa mali ndani ya siku chache huku mjane hajalala wala kula. Kumbukumbu na umakini hupungua sana wakati huo. Kinachofaa kufanyika mapema ni kusajili kifo na kupata cheti chake. Mashamba na nyumba vingoje mirathi ifunguliwe kisheria.

Mjane aliye kwenye eda anaweza kwenda kliniki?

Ndiyo. Eda ya mjane Mwislamu ni miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito, na matibabu ni miongoni mwa dharura zinazomruhusu kutoka. Familia ikiwa na shaka imuulize shekhe wake mapema, isingoje hali iwe mbaya. Kinachohitaji uangalizi ni upweke: asishinde chumbani peke yake, apate jua na hewa uani, na mashoga zake wawe na zamu ya kumtembelea.

Watoto waambiwe nini?

Waambiwe ukweli, mapema, na mtu wanayemwamini, kwa neno lenyewe: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hawezi kurudi." Ukimwambia mtoto wa miaka minne kwamba baba amelala, anaanza kuogopa kulala. Ukisema amesafiri, anamsubiri, kisha anakasirika kwamba hakuagwa. Chini ya miaka mitano hivi mtoto hudhani kifo kina kurudi, kwa hiyo atauliza swali lilelile mara nyingi. Jibu vilevile kila mara, bila kumkemea. Wakubwa kidogo hujilaumu kimyakimya: "Nilimkasirisha mama ndiyo maana." Waambie waziwazi kwamba hawakusababisha.

Mtoto akilia dakika tano kisha akaenda kucheza mpira, ndivyo watoto wanavyoomboleza. Kukojoa kitandani kwa aliyekwisha kuacha, kung'ang'ania nguo za mlezi, au maumivu ya tumbo asubuhi za shule, huwa vya muda. Mwalimu wa darasa ajulishwe. Msiwagawe ndugu kwa shangazi na wajomba wiki ileile ya mazishi kama kuna njia nyingine. Kupoteza mzazi, nyumba na ndugu kwa mkupuo ni mzigo mno. Nchini Tanzania na Kenya namba 116 ni ya huduma kwa watoto.

Dada yangu amejifungua mtoto mfu. Watu wanasema asahau, atapata mwingine.

Huu ni msiba kamili, ingawa mara nyingi haupewi tanga. Muulizeni, bila kumlazimisha, kama anataka kumwona mtoto, kumshika au kumpa jina. Nguo alizomnunulia zisiondolewe nyumbani kabla hajarudi. Akiwa tayari atasema.

Mwandaeni pia kwa jambo ambalo wengi hawaambiwi: maziwa huja siku ya pili hadi ya tano, na hata mimba iliyotoka baada ya miezi minne inaweza kuyaleta. Avae sidiria inayoshika vizuri bila kubana, aweke kitambaa cha maji baridi dakika 10 hadi 15, na ameze parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500 kila saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Titi likijaa sana akamue kidogo tu apate nafuu, kwani kulikamua lote huuambia mwili utengeneze zaidi. Kulifunga khanga kwa nguvu, kama wengine wanavyoshauri, huziba njia za maziwa na kuleta uvimbe. Homa au titi jekundu lenye moto ni la kituo cha afya.

Ndugu yetu alizama baharini na mwili haukupatikana. Mama bado anamsubiri.

Familia nyingi za Unguja na Pemba zinalijua hili tangu meli ya MV Spice Islander ilipozama Septemba 10, 2011. Wengi hawakuonekana tena. Bila kaburi, akili hukataa kufunga mlango, na kumbembeleza mama "akubali" huleta ugomvi tu. Muwe naye katika yote mawili: huenda amekufa, na bado tunamngoja. Sala ya ghaibu, hitima au misa husaidia kwa kuwa hutoa siku na mahali pa kulia.

Lini majonzi yanahitaji hospitali?

Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inataja majonzi yaliyorefuka: angalau miezi sita, hamu kali ya kumtaka marehemu au kumwaza muda wote, uchungu usiopungua, mpaka mtu hawezi kazi wala kujitunza, kupita kiasi ambacho mila na dini yake vinategemea. Sonona ina sura nyingine: furaha imekatika kwa kila kitu, na mtu anajiona hana thamani. Vyote vina tiba, hasa ya mazungumzo na mtaalamu, na sonona huweza kuhitaji dawa. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, naye mhudumu atakuelekeza hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Usingoje miezi sita mtu akisema "bora nimfuate". Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo; humpa nafasi ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake; hata chooni aende na mtu wa kukaa mlangoni. Dawa za kuulia wadudu shambani, vidonge vya marehemu vilivyobaki, kamba na silaha vitolewe nyumbani, visifichwe tu darini. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana; mlioko Kenya mnaweza pia kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu. Mkifika, mwambieni mhudumu mambo matatu kwanza: alichosema, alichopanga kutumia, na dawa anazomeza kila siku.