DLI ni nini, na kwa nini wati pekee hazikuambii kama taa ya LED inatosha mimea

DLI ni jumla ya mwanga unaofaa kwa usanisinuru ambao eneo la mita moja ya mraba limepokea kwa siku nzima. Kipimo chake ni moli kwa mita ya mraba kwa siku. Anayelima mboga au kuotesha miche ndani ya nyumba chini ya taa za LED, hii ndiyo namba ya kuanzia. Wati zinakuonyesha umeme unaoliwa na taa tu.

Moli za nini? Za fotoni, yaani chembe za mwanga. Jani hufanya kazi kwa kuhesabu chembe hizo, hasa zile zenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700, kuanzia bluu hadi nyekundu. Mwaka 1972 Keith McCree alichapisha vipimo alivyochukua kwenye majani ya aina 22 za mazao, vikaonyesha kwamba rangi zote za eneo hilo hutumika, nyekundu ikitangulia, na kwamba kijani nayo ina mchango wake. Ndiyo maana taa nyeupe nzuri hukuza mimea bila shida. Taa za zambarau hazina siri yoyote ya ziada, na zinakunyima jambo muhimu: chini yake huwezi kuona jani likianza kuwa la njano.

Lumeni na luksi ni habari nyingine. Vipimo hivyo vimepangwa kwa jicho la binadamu, linaloona vizuri zaidi karibu na nanomita 555, kwenye kijani. Taa yenye nyekundu nyingi inaweza kuwa na luksi ndogo huku mmea ukishiba.

Sasa chukua bomba linalojaza pipa. Nguvu ya maji yanayotoka kila sekunde ni PPFD: mikromoli ngapi za fotoni zinatua kwenye mita ya mraba kwa sekunde. Maji yaliyomo pipani usiku unapoingia ni DLI. Hesabu ni fupi: DLI = PPFD × saa za kuwasha × 0.0036. Hiyo 0.0036 inatokana na sekunde 3,600 za saa moja, zikagawanywa kwa milioni moja, maana moli moja ina mikromoli milioni. Basi PPFD ya 200 kwa saa 16 inakupa moli 11.5, na PPFD ya 267 kwa saa 12 inakupa karibu hizo hizo.

Mahitaji hutofautiana sana. Miche michanga huridhika na moli 6 hadi 10. Letisi hustawi kwenye 12 hadi 17, mrehani nao huko huko. Nyanya inayotakiwa kuzaa inahitaji 20 hadi 30, na hapo ndipo wengi hukwama: taa iliyokuza letisi vizuri inawekwa juu ya nyanya, mmea unajaa majani, maua yanadondoka.

Tufanye hesabu ya rafu ya letisi yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60, yaani mita za mraba 0.72. Tunataka moli 14 kwa saa 16. Gawanya 14 kwa (16 × 0.0036), unapata PPFD ya 243. Zidisha kwa 0.72, rafu nzima inadai mikromoli 175 kwa sekunde. Si mwanga wote unaotua kwenye majani, mwingine hutoroka pembeni. Tukikadiria kwamba asilimia 80 inafika, taa itoe mikromoli 219 kwa sekunde. Taa ya LED yenye ufanisi wa mikromoli 2.5 kwa kila juli ya umeme (wati moja ni juli moja kwa sekunde) itatimiza hilo kwa wati 88 hivi, umeme wa takriban uniti 1.4 kwa siku. Hizo ni wati inazovuta kweli kwenye soketi. Namba kubwa za "sawa na wati 1000" zinazoandikwa kwenye maboksi usizitie katika hesabu hata kidogo. Muuzaji asiyetaja ufanisi kwa mikromoli kwa juli, wala PPFD kwa kimo fulani, amekuuzia gizani.

Baada ya kufunga taa, pima. Kifaa sahihi ni mita ya fotoni. Ukiwa na mita ya luksi tu, na taa yako ni nyeupe, gawanya luksi kwa 70 upate PPFD ya kukisia. Kwa taa ya zambarau njia hiyo haifai kabisa. Shika kihisio usawa wa ncha za majani, kikitazama juu, upime sehemu tisa: pembe nne, katikati ya kila ukingo, na katikati ya rafu. Tumia wastani wake. Mara nyingi pembeni hupata nusu ya katikati, na mkulima huilaumu mbegu. Kuinua taa kidogo husawazisha mwanga, ila hupunguza nguvu yake. Kuta nyeupe zisizong'aa pembeni ya rafu hurudisha sehemu nzuri ya mwanga uliokuwa unapotea, na ni marekebisho rahisi kuliko kununua taa ya pili.

Mwanga mdogo hujionyesha mapema: miche inarefuka, shina jembamba, inalala. Mwanga uliozidi hupausha majani ya juu kabisa, yale yaliyo karibu na taa, huku ya chini yakibaki kijani. Au kingo za majani hujikunja kwenda juu. Shusha nguvu ya taa kwa kirekebishi chake, au ipandishe kwa sentimita 10, usubiri siku tatu nne. Majani yaliyokwisha kupauka hayarudi, kwa hiyo tazama yanayochipuka.

Usijaribu kufidia taa dhaifu kwa kuiwasha saa 24. Nyanya isiyopata giza hugeuka njano. Spinachi ikipewa siku ndefu hukimbilia kutoa shina la maua, na krisanthemu haichanui bila usiku mrefu. DLI inajumlisha mwanga tu. Urefu wa usiku ni ujumbe mwingine ambao mmea huusoma peke yake. Tumia soketi yenye saa, giza liingie wakati ule ule kila siku.

Letisi nayo ina kikomo chake. Ukiipitisha moli 17, majani machanga ya ndani hukua haraka kuliko kalsiamu inavyoyafikia, na kingo zake huungua zikawa kahawia. Kuongeza mbolea ya kalsiamu mara nyingi hakusaidii, kwani kalsiamu husafiri na maji yanayovukizwa na jani, na jani lililofichwa katikati halivukizi. Elekeza feni ndogo ipulize moja kwa moja katikati ya mimea, au punguza saa mbili za mwanga.