Kabla hujatuma skripti yako kwenye ukumbi mdogo wa maigizo

Habari zenu waandishi, na nyie ambao hadithi mnayo kichwani ila mnajiuliza muanzie wapi. Mimi ni msomaji wa skripti kwenye ukumbi mdogo wa maigizo hapa Dar, yaani skripti yoyote inayoletwa kwetu inapita mikononi mwangu kwanza, iwe imekuja kwa imeili, iwe kwa WhatsApp, au imeandikwa kwa peni kwenye kauntabuku ikaletwa getini na mtu aliyepanda daladala mbili kutufikia. Nazisoma zote. Na ukweli ni kwamba nyingi tunazozirudisha haturudishi kwa sababu mwandishi hana kipaji, hapana, tunazirudisha kwa sababu zimeandikwa kwa ajili ya kitu kingine kabisa na sio jukwaa. Hilo ndo nataka tuongee leo, manake linaniuma, mtu amekesha miezi sita anaandika afu mimi nafungua ukurasa wa tatu najua kabisa hii haiwezi kuchezeka kwetu.

Tuanze na neno lenyewe, tamthilia. Mwalimu wa Kiswahili akilisema anamaanisha mchezo wa kuigiza ulioandikwa, ila mtaani leo ukisema tamthilia kila mtu anajua unaongelea zile za kwenye TV, episodi mia na kitu, jioni nyumba nzima imekaa sebuleni. Kwa hiyo tukitangaza kwamba tunapokea tamthilia mpya tunaletewa mafaili ya namna hii: sini ya 1, nje, barabarani, mchana. Sini ya 2, ndani, sebuleni, usiku. Sini ya 3, ndani ya gari. Kila sini nusu ukurasa. Kamera inaruka popote inapotaka, sisi kamera hatuna. Kwetu kutoka sebuleni kwenda hospitali afu kurudi sebuleni maana yake taa zizimwe, watu wawili wabebe kochi gizani, mwigizaji akimbie nyuma abadilishe gauni, na watazamaji muda wote huo wamekaa wanasikiliza kochi linavyoburuzwa. Fanya hivo mara 30 usiku mmoja uone kama kuna mtu bado anakumbuka nani alikuwa anamdai nani.

Ndo maana siku hizi tangazo letu linasema "mchezo wa jukwaani", hatutumii tena lile neno peke yake.

Upande wa pili kuna kitabu cha shule, na hili nalisema kwa heshima kubwa kwa sababu mimi mwenyewe nimetokea huko. Sisi uandishi wetu wa tamthilia umepita sana darasani. Idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza 1967, humo ndo walipopita kina Ebrahim Hussein na Penina Muhando, michezo yao ikachezwa, ikachapishwa, ikaingia mashuleni, na wengi wetu tukakutana na tamthilia kwa mara ya kwanza tukiwa tunajiandaa na mtihani. Dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, mhusika bapa na mhusika duara, tukakariri. Sasa mtu aliyesoma hivo akija kuandika anamuandikia yule mwanafunzi wa mtihani, anataka dhamira ionekane vizuri isipotee hata maksi moja, kwa hiyo mzee mla rushwa anaingia anatangaza kwamba yeye anakula rushwa, kijana msomi anasimama anamjibu ukurasa mzima, mzee naye anajibu ukurasa mzima, wanapokezana kama ngonjera ya Mei Mosi. Ukisoma kimya kimya unaona sawa tu. Mpe mwigizaji asimame nayo, dakika ya pili hajui mikono aiweke wapi.

Na waliotutangulia hawakuandika hivo jamani. Chukua Kinjeketile ya Hussein, iliyotoka 1969, inahusu vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907, vita vilivyowasha kusini yote ya nchi hii. Inaanza na nini? Wanawake wawili wanaongea, habari za njaa, habari za wanaume waliopelekwa kufanyishwa kazi shambani. Vita vyote vile mlango wake ni hao kina mama wawili, na wanawake wawili hata sisi na jukwaa letu la hatua saba tunawaweza.

Hatua saba ni kweli, nimepima kwa miguu yangu, upana wake ndo huo. Viti 90. Aliyekaa mstari wa mbele akinyoosha mguu anaweza kumgusa mwigizaji. Hii watu wanaiona kama upungufu ila ndo nguvu yenyewe ya ukumbi mdogo, kwamba mtu akivuta pumzi kabla ya kusema uongo watu 90 wameisikia ile pumzi, kwa hiyo vitu vidogo vinafanya kazi kubwa. Ntawapa mfano mmoja, mwandishi wake ameniruhusu. Dada mmoja alituletea mchezo wa wazazi ambao mtoto wao ameenda Afrika Kusini kutafuta maisha akapotea. Ukurasa wa kwanza ulikuwa hivi:

MAMA: Mume wangu, kama unavyojua, mtoto wetu Juma aliondoka miaka mitatu iliyopita kwenda Afrika Kusini na mpaka leo hajapiga simu wala kutuma ujumbe, na mimi kama mama roho inaniuma sana.

Kila neno hapo ni kweli na hakuna hata moja ambalo mke angemwambia mumewe, manake mume anajua, alikuwepo. Anaambiwa nani? Tunaambiwa sisi tuliolipa kiingilio. Tukakaa na yule dada tukamuuliza swali moja tu, huyu mama anafanya nini saa ya chakula cha usiku? Akaenda nyumbani, wiki iliyofuata akarudi na hii:

(Mama anapanga sahani tatu mkekani. Baba anaziangalia.)
BABA: Tuko wawili.
MAMA: (anapakua) Hiyo naifunika tu.
BABA: Miaka mitatu unaifunika.

Siku tulipoisoma mezani, yule mwigizaji aliyekuwa anasoma Baba alinyamaza muda mrefu kabla ya ule mstari wake wa mwisho, na hakuna aliyekuwa amemwambia anyamaze. Juma hajatajwa hata jina na chumba kizima kilikuwa kimeshamjua.

Kwa hiyo ukiwa unatuandikia sisi au ukumbi wowote wa saizi yetu, fikiria waigizaji wanne mpaka sita. Sisemi wahusika lazima wawe sita, mwigizaji mmoja anaweza kucheza mjumbe wa nyumba kumi afu akarudi kama daktari, ila hakikisha mjumbe na daktari hawakutani jukwaani, na umpe dakika za kubadilisha nguo. Sehemu moja au mbili zinatosha. Unataka basi la mkoani lifike? Lifike, honi isikike nje, konda apige kelele, afu mtu aingie na begi lina vumbi jekundu, basi tumeliona. Muda usizidi saa moja na nusu, hii watu wananibishia sana lakini onyesho letu linaanza saa 1 usiku na mtazamaji anayekaa Mbagala au Gongo la Mboto ikifika saa 2 na nusu ameshaanza kuwaza usafiri, mchezo wako uwe mzuri vipi.

Maelezo ya jukwaani yaandike kwa kifupi, na usiandike kitu ambacho hakionekani wala hakisikiki. "Anakumbuka utoto wake kule kijijini" mwigizaji hawezi kunionyesha hiyo. "Anavua viatu, anakanyaga mchanga" hiyo anaweza.

Kuhusu kutuma. Tuma PDF, sio Word, manake Word ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine mistari inahama na majina ya wahusika yanachanganyikana na maneno yao. Weka namba za kurasa. Ukurasa wa kwanza jina lako, simu, jina la mchezo, orodha ya wahusika na umri wao. Afu muhtasari wa nusu ukurasa ambao unasema mpaka mwisho nini kinatokea, tafadhali sana, watu wanatuandikia muhtasari kama tangazo la redio, "je atafanikiwa? ungana nasi", mimi sio mtazamaji wa kuvutiwa aje, mimi nataka kujua kama mwisho wako unatokana na mwanzo wako. Kama huna kompyuta andika kwa mkono, tunapokea kabisa, ila usipige picha kurasa 80 ukazirusha WhatsApp moja moja, zinafika zimevurugika, ya 14 imekaa juu ya ya 3. Lete lenyewe daftari, tutalipiga kopi hapa hapa tukurudishie siku hiyo hiyo. Na tuma skripti moja, ile unayoiamini, usitume zote tano kwa mpigo ukaniachia mimi nikuchagulie.

Kabla ya yote hayo isome kwa sauti. Hili nisipolisema nimewanyima kitu kikubwa kuliko vyote. Tafuta watu wanne, jirani, mdogo wako, fundi cherehani wa jirani, wagawie nafasi, washa saa ya simu ihesabu dakika, wewe kaa kimya usisome wala usieleze kitu. Pale watakapojikwaa wote sentensi ni mbovu, pale watakapocheka na wewe hukutegemea weka alama, pale mtu atakapochukua simu yake kuangalia meseji weka alama mbili.

Sasa ishu ya kuibiwa, kila wiki naulizwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda tangu ulipoiumba kazi yako, haki inakuwepo kwa kule kuumba tu hata kama hujaisajili popote. Ila kusajili COSOTA, yaani ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakusaidia siku ya ugomvi kwa sababu una karatasi ya kuonyesha, na imeili uliyotutumia nayo ina tarehe yake, usiifute. Kitu ambacho sheria haikilindi ni wazo tupu. "Nina stori ya mama anayemsubiri mtoto" hilo ni wazo, watu kumi wanaweza kuwa nalo na kila mmoja akaandika lake, cha kwako ni ile sahani ya tatu na maneno uliyoyaandika. Kwa hiyo andika, usizunguke na wazo ukimsimulia kila mtu kijiweni.

Kibali cha kuonyesha hadharani kisikuumize kichwa, michezo ya kuigiza iko kwenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 na kuhangaikia hivo vibali ni kazi ya ukumbi, sio ya mwandishi. Mtu akikuambia mwandishi ndo ulipie kibali, uliza maswali.

Hela. Ukumbi mdogo hauna hela nyingi ila mwandishi asiambiwe kwamba malipo yake ni kujulikana. Sisi tunaandikiana mkataba wa asilimia ya kiingilio. Mfano tu ili mjue hesabu, kiingilio kikiwa shilingi 10,000, maonyesho 6, na kila usiku wakaingia watu 60, hapo kuna shilingi milioni 3.6, na mwandishi akiwa na asilimia 10 anaondoka na laki 3 na 60. Sio ya kujengea nyumba lakini ni haki yako na iandikwe. Soma kama mkataba unasema tunapewa ruhusa ya kuucheza mchezo kwa muda fulani au unasema tunaununua moja kwa moja, hivo ni vitu viwili tofauti sana, na kwa mwandishi anayeanza mimi namshauri atoe ruhusa, asiuze. Hata ukitokea usiku ambao umeme umekatika huna hata hela ya luku, bado usiuze bila kwanza kumuonyesha mtu anayejua mikataba.

Ukishatuma, kinachofuata ni hiki. Nasoma mimi, afu mwenzangu anasoma bila kuona nilichoandika, tukikubaliana wote tunakuita tuisome mezani na waigizaji wewe ukiwepo. Hapo jiandae kuandika upya, mara mbili, mara tatu, yule dada wa sahani ameandika mara nne. Mazoezi yanakuja baadaye sana. Jibu letu linachukua mpaka miezi mitatu kwa sababu tuko wawili tu tunaosoma, ikipita miezi mitatu kimya tukumbushe, hutatukera, faili huwa linapotea kweli.

Na tukikukatalia tutakuambia wapi tuliishia kuamini hadithi, ukurasa wa ngapi. Ukiiandika upya tuletee tena, juu andika "toleo la pili", ili niitoe ile ya kwanza kabatini nizisome zote mbili pamoja.