Upepo wa kompresa na vumbi la kompyuta

Arusha na Moshi, kiangazi kikikolea, vumbi huingia hadi ndani ya kompyuta. Wengi huamini kwamba dawa yake ni kuipeleka kwa fundi pancha ipulizwe kwa kompresa ya matairi, na kwamba kadiri presha inavyokuwa kubwa ndivyo itakavyotakata. Imani hii ina msingi: upepo kweli huondoa vumbi.

Tatizo ni kilichomo ndani ya upepo huo. Hewa ikigandamizwa kisha ikapoa ndani ya tangi, mvuke wake hugeuka maji. Kompresa zinazotumia oili huongeza na chembe za mafuta. Vyote hutoka pamoja na upepo. Unaweza kuthibitisha mwenyewe: mwombe fundi apulize kioo kikavu au karatasi nyeupe kwa muda, uangalie kama pamebaki matone au doa. Au afungue koki iliyo chini ya tangi. Mara nyingi maji hutiririka, tena yenye kutu.

Presha nayo ina madhara yake. Feni ikipulizwa bila kushikwa huzunguka kupita kiwango chake, na beringi huweza kuharibika. Izuie kwa kidole.

Kwa kompyuta ya nyumbani, naona brashi laini na pampu ndogo ya mpira ya mkono zinatosha kabisa, mradi uizime, uchomoe waya na kuisafishia nje. Makopo ya kupulizia ya dukani kwa kawaida hayana hewa, bali gesi iliyogeuzwa kimiminika: yashike wima, maana ukiyapindua hurusha kimiminika chenye baridi kali.