Siku Barnabas Collins aliporudi na kisanduku

Daktari Julia Hoffman amesubiri kwa wiki kadhaa. Barnabas Collins, mtu ambaye Julia anampenda kimyakimya bila kumwambia waziwazi, amesafiri kurudi zamani, kwenye karne zilizopita, na hakuna mwenye hakika kama atarudi. Anarudi. Mkononi ana kisanduku cha mbao chenye nakshi ya nyoka, na anamtazama Julia kama unavyomtazama mtu uliyepishana naye stendi.

Kazi yangu ni kuandika tamthilia za redio na televisheni. Nikikutana na vijana wanaojifunza kazi hii na tukafika kwenye somo la kumgeuza mhusika kuwa mbaya, naanzia hapo: Novemba 1969, kwenye tamthilia ya Kimarekani iitwayo Dark Shadows. Zaidi ya nusu karne imepita na mashabiki wake bado hawajaelewana kuhusu siku hiyo: wapo wanaosema Barnabas hakubadilika, na wapo wanaosema siku hiyo waandishi walimharibu.

Kwa asiyeijua, Dark Shadows ilirushwa na ABC mchana, siku tano za wiki, kuanzia Juni 1966 hadi Aprili 1971. Sehemu 1,225. Mwasisi wake alikuwa Dan Curtis. Kuna jumba kubwa juu ya jabali, Collinwood, katika mji wa kubuni wa Collinsport, jimbo la Maine. Kuna ukoo wenye siri, mizimu, na milango isiyofunguliwa. Aprili 1967 kijana mmoja, Willie Loomis, akafungua jeneza akitafuta vito vya thamani, na mkono ukatoka ukamkaba koo. Huyo ndiye Barnabas Collins, mnyonya damu, aliyeigizwa na Mkanada Jonathan Frid. Aliletwa akae wiki chache tu. Barua za watazamaji zikamfanya awe roho ya tamthilia nzima.

Sasa sikiliza hoja ya kundi la kwanza la mashabiki. Wao husema: mnalia nini kuhusu 1969? Huyu mtu alikuwa mwovu tangu jeneza lilipofunguliwa. Alimteka Maggie Evans na kumlazimisha ajione kuwa ni Josette, mchumba wake aliyekufa zamani. Alimcharaza Willie kwa fimbo. Alimnyonga Jason McGuire. Alimuua Daktari Woodard kwa sindano, na Julia akiwa mshirika wake. Mtu wa namna hiyo anageuka kuwa mbaya kutoka wapi?

Ni hoja nzito, na kila nilichokitaja kimo kwenye tamthilia. Lakini wanahesabu matendo, na mtazamaji hahesabu hivyo. Kwenye vibanda vya video tulikokulia, ukichelewa kuingia ulimuuliza jirani jambo moja tu, "Steringi ni yupi?" Jibu halikuwahi kuwa "yule ambaye hajaua." Steringi alikuwa yule ambaye tunaujua moyo wake, tunayemwona akiwa peke yake, tunayejua anachokiogopa.

Na moyo wa Barnabas tulionyeshwa kwa urefu wa kipekee. Kuanzia Novemba 1967 tamthilia ilirudi mwaka 1795 na kukaa huko kwa miezi. Hapo tunamkuta kijana mpole, mtoto wa tajiri, anayesubiri kumwoa Josette kutoka Martinique. Ila aliwahi kuwa na uhusiano na Angelique, mtumishi, akamwacha, na Angelique ni mchawi. Laana inatoka kwenye kosa la kijana mwenyewe, kosa dogo la kibinadamu kabisa. Kinachofuata kinaumiza kukitazama. Josette anajirusha kutoka kwenye jabali. Mama yake Barnabas anakunywa sumu. Barnabas anamwomba baba yake, Joshua, ammalize. Joshua, mtu mkavu asiyeonyesha hisia kirahisi, anashindwa. Mkono haumtii. Anaishia kuagiza jeneza la mwanawe lifungwe minyororo. Kwa kazi yangu nimesoma na kutazama mengi, na bado naamini huyo baba aliyeshindwa ndiye aliyetufanya tumpende Barnabas moja kwa moja. Baada ya hapo, kila alipoua ulimwona mtu anayejichukia.

Sisi watu wa pwani tunaye mumiani, anayefufuliwa na uvumi kila baada ya miaka kadhaa. Mumiani huchukua damu akaiuze. Hana mama, hana mchumba, na hakuna anayeuliza alianzaje. Ndiyo maana anatisha na kamwe hapendwi.

Turudi kwenye kisanduku. Barnabas amekamatwa na watumishi wa Leviathan, viumbe wa kale wanaotaka kuirudia dunia. Anaporudi 1969 ni wakala wao. Kisanduku kinafika kwenye duka la vitu vya kale la Philip na Megan Todd, na humo anatoka kiumbe mwenye sura ya mtoto anayekua haraka mno, hadi anakuwa kijana aitwaye Jeb. Barnabas anatoa amri, anatisha watu. Ukipima kwa idadi ya maiti, ni afadhali kuliko 1967. Lakini hajutii chochote. Frid alikuwa na tabia ya kusitasita, mara nyingi kwa sababu mistari ilimtoroka, na kwa kuwa walirekodi bila kurudiarudia, kusita huko kulibaki. Watazamaji walikusoma kama mateso ya nafsi. Barnabas wa Leviathan amenyooka, sauti kavu, uso umefungwa. Wamemwondolea kile kitu ambacho kilikuwa chake peke yake.

Kwa hiyo mimi nipo na kundi la pili. Uovu wa 1967 ulitoka ndani yake, na uovu wa 1969 alibandikwa. Waandishi wenyewe walilihisi, nadhani, maana baada ya muda tukaambiwa anatii kwa kuwa Josette ameshikwa mateka huko zamani. Baadaye Jeb anamwadhibu kwa kumrudishia laana, naye anakuwa mnyonya damu tena. Sababu ya Josette ilikuwa nzuri sana! Ingewekwa siku ya kwanza, tukamwona akimkaripia Julia huku macho yanaomba msamaha, tungemfuata hadi mwisho. Ilikuja ikiwa kiraka.

Angelique ni kinyume chake. Alifanya maovu makubwa kuliko wote, na mashabiki wakampenda miaka yote, kwa sababu Lara Parker hakuacha hata siku moja kuonyesha kwamba yule mwanamke anaumia kwa kukataliwa.

Nalijua kosa hili kwa sababu nililifanya. Niliwahi kuandikia redio tamthilia iliyokuwa na muuguzi, dada aliyependwa sana. Tukahitaji kuichangamsha hadithi, nikamfanya aanze kuiba dawa za wagonjwa na kuziuza. Kwa siku chache nilimwandika mkali, mkatili, mtu mwingine kabisa. Mzee mmoja akapiga simu. Akaniambia, "Mwanangu, kuiba naelewa, watu huiba. Ila yule dada alikuwa anawaamkia wagonjwa kwa majina. Mbona siku hizi hawaamkii?"

Nilirudi kwenye muswada usiku uleule. Wizi nikauacha ulivyo, nikamrudishia salamu zake. Sehemu iliyofuata anafika kwa bibi wa kitanda cha nne, anamwita jina lake, anamwuliza amelalaje, anamrekebishia shuka. Halafu anafungua droo ya dawa za yule bibi.