Sevo ndogo kwenye milingi ya mezani: usidanganywe na newton-mita

Juzi kijana mmoja mwenye milingi ndogo, mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta, alikuja karakanani kwangu Ngamiani, Tanga, na picha mbili kwenye simu. Moja ya mota ya stepa, ile inayosogea hatua kwa hatua, nguvu yake ya kuzungusha newton-mita 2. Ya pili ya sevo, mota inayojipima mwendo wake, ya wati 180, newton-mita 0.57. "Fundi, hii isiyo na nguvu ndiyo ghali. Si wizi huu?"

Si wizi. Zile 2 za stepa ni nguvu ya kushikilia, mota ikiwa imesimama. Ikianza kukimbia zinayeyuka, na ukifika mizunguko 1000 kwa dakika sehemu kubwa imeshakwenda. Sevo inakupa 0.57 yake tangu mwanzo hadi mizunguko 3000. Sasa, meza ya milingi ndogo haina haja ya kasi yote hiyo, kwa hiyo tunaibadilisha iwe nguvu. Kwenye mashine yangu nimefunga pulei ya meno 20 kwenye mota na ya meno 40 kwenye parafujo, ile skrubu ndefu inayosogeza meza. Nguvu imekuwa 1.14, mizunguko 1500. Parafujo yangu ni ya gololi, nati yake hutembea juu ya gololi, na husogeza meza milimita 5 kila mzunguko, kwa hiyo meza inaweza kwenda mita 7.5 kwa dakika, na msukumo wake unazidi kilo 120 hata ukitoa msuguano.

Lakini mimi sikuhamia sevo kwa ajili ya hesabu hiyo. Nilikuwa nachonga kifuniko cha alumini cha pampu ya boti, kazi ya mvuvi wa kule Deep Sea. Vipande vya alumini vilivyochongwa vikabana kikatio, stepa ikaruka hatua, kompyuta haina habari, ikaendelea kukata. Matundu manne ya bolti yakatoka pembeni. Stepa huamriwa tu, haijibu. Sevo ina enkoda mgongoni, kifaa kinachosoma mota imezunguka kiasi gani: ya mistari 1000 husomwa mara nne, yaani alama 4000 kwa mzunguko. Ikichelewa kupita kiwango ulichoweka, draiva, kifaa kinachoiendesha mota, inatoa alamu. Waya wa alamu uunganishe na saketi ya kitufe cha dharura! Wengi huuacha unaning'inia, halafu wanashangaa.

Kwa bei ndogo kabisa kuna mota za brashi zenye enkoda, zinazotolewa kwenye printa kuukuu. Nimepita huko. Siku moja nilipishanisha waya A na B za enkoda, mota ikadhani inarudi nyuma, na kila ilipojisahihisha ikazidi kukimbia. Meza iligonga mwisho kabla mkono wangu haujafika kwenye swichi. Tangu hapo mota mpya naijaribu mkanda ukiwa umevuliwa. Mwenye karakana ndogo namshauri achukue sevo ambayo draiva na enkoda vimefungwa humo humo kwenye mota, kosa hilo halitampata. Zile za wati 750 za umeme wa voti 220 waachie wenye mashine nzito. Kwenye milingi ya mezani zitapinda chuma kabla hazijachoka.

Umeme nao: sevo ikifunga breki inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye saplai, kifaa kinachoilisha. Saplai nyingi ndogo za kisasa huona voti zimepanda, zinajizima katikati ya kazi. Mimi natumia transfoma ya voti 24 za AC, dayodi na kapasita kubwa, napata kama voti 33 za DC, na kapasita zinameza kinachorudi.

Nikamwuliza kijana: parafujo yako ni ipi? Ile ile iliyokuja na mashine. Tukaenda kwake, nikabandika saa ya kupimia kwenye meza, nikamwambia azungushe mpini upande mmoja kisha aurudishe polepole. Mpini ukazunguka, sindano imetulia. Meza ilipoanza kusogea tulikuwa tumeshapoteza milimita 0.4. Enkoda inakaa kwenye mota, haikai kwenye meza, plei hiyo, yaani ulegevu wa parafujo, haiioni kamwe.

Akaizima simu. "Parafujo ya gololi nayo shilingi ngapi, fundi?"