Tafiti za maoni wakati wa uchaguzi: dhana na ukweli

Dhana: "Watu elfu moja hawawezi kuwasemea mamilioni. Mbona mimi sijawahi kuulizwa?"

Hii ndiyo inayosikika kuliko zote, kuanzia Mwanjelwa hadi Kihesa. Lakini mnunuzi wa mpunga Kyela hamwagi gunia zima. Anachoma bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka kidogo, juu, katikati na chini, anajua anachonunua. Watu 1,000 wakichaguliwa kwa bahati nasibu, kosa hucheza kwenye asilimia 3 hivi, juu au chini, nchi iwe na watu milioni 5 au milioni 60. Cha kuhoji ni wamepatikanaje. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon atashinda urais. Mpinzani wake, Roosevelt, akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, na maskini wakabaki nje. Kwa hiyo utafiti wa simu ukitangazwa, uliza kama mkulima wa Makete asiye na simu amehesabiwa. Twaweza, shirika la kiraia linalohoji wananchi wa Tanzania kwa simu, waliwagawia wahojiwa wao simu na chaja za sola kwa sababu hiyo.

Dhana: "Asilimia zilizotangazwa ndizo kura zenyewe."

Septemba 2015, kwenye mbio za urais wa Tanzania, Twaweza walimpa Magufuli asilimia 65 na Lowassa 25. Matokeo ya Oktoba yakawa 58.46 kwa 39.97. Mshindi yuleyule, pengo tofauti kabisa.

Dhana: "Kudhibiti tafiti ni kuzipiga marufuku."

Hapa ndipo tunapopotea vibaya. Sheria ya Kenya ya 2012 inamtaka mchapishaji aseme nani ameagiza utafiti, wamehojiwa wangapi na lini, kisha inazuia kuchapisha katika siku tano za mwisho. Ufaransa ilikuwa na katazo la wiki nzima. Mwaka 2002 ikalipunguza libaki siku ya kupiga kura na ya kuamkia. Kanada, Mahakama ya Juu ilifuta katazo la saa 72 mwaka 1998. Naamini walifanya vema, maana utafiti ukinyamazishwa, uvumi haunyamazi. Kinachonitisha zaidi ni kibali cha kufanya utafiti hapa Tanzania. Mwaka 2018 Twaweza walipotoa matokeo kwamba wanaoridhika na utendaji wa Rais Magufuli wameshuka hadi asilimia 55, COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, iliwaandikia kuhoji kibali chao. Anayetoa kibali cha namba asiwe anayepimwa na namba hizo.

Dhana: "Kumuuliza mtu anayetoka kituoni ni kuvunja siri ya kura."

Hapana. Anajibu kwa hiari, bila jina. Kinachohitaji sheria ni saa ya kutangaza. Uingereza husubiri vituo vifungwe saa 4 usiku. India, tangu 2009, husubiri awamu ya mwisho ya upigaji kura imalizike. Vituo vyetu hufungwa saa 10 jioni. Redio ikitangaza saa 6 mchana kwamba fulani anaongoza, aliye bado kwenye foleni Uyole anaweza kuona kura yake haina kazi tena, akaondoka.